Damu ya Farasi na Mkono wa Mfunzaji

Wasomaji wetu wanazijua mithali mbili ambazo wazee huzitumia sana barazani. Ya kwanza yasema, "Mwana wa nyoka ni nyoka." Ya pili yasema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Mtu akizisikia pamoja hudhani kwamba zapingana, maana ya kwanza huweka mambo yote katika damu, na ya pili huyaweka yote katika malezi. Katika somo hili twataka kuzipima mithali hizo kwa habari za mnyama mmoja, naye ni farasi, ili tuone kila moja ina haki kiasi gani.

Huenda msomaji akauliza, "Mbona farasi, na sisi hatuna farasi?" Ni kweli. Katika sehemu nyingi za nchi zetu mbung'o hueneza nagana, tena yako maradhi mengine ya farasi yaenezwayo na vijidudu virukavyo, hata farasi hawakupata kuenea kama ng'ombe. Lakini tumemchagua farasi kwa sababu moja. Wanyama wafugwao ambao nasaba yao imeandikwa kwa uangalifu na kwa muda mrefu kama yeye ni wachache mno. Huko Uingereza kitabu cha nasaba ya farasi wa mbio kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1791, na kazi hiyo haijakoma mpaka leo. Mtu aweza kumtazama farasi mmoja akahesabu baba yake, babu yake na babu wa babu yake, kizazi baada ya kizazi. Basi atakaye kujua kama ukali wa babu humfikia mjukuu anapo mahali pa kutazama. Na yale tutakayoyaona kwa farasi yatatufaa kwa punda, ng'ombe na mbuzi wetu.

MAANA YA MANENO

Kwanza na tuelewane juu ya maneno. Tusemapo "damu" hatusemi ile damu nyekundu ipitayo katika mishipa. Twasema urithi, yaani zile chembe ndogo mno ziitwazo jeni, ambazo mtoto hupokea nusu kwa baba na nusu kwa mama. Tusemapo "tabia" ya mnyama maana yetu ni hii: je, hushtuka upesi au ni mtulivu? Je, hukisogelea kitu kigeni akinuse, au hukikimbia? Je, hupenda kuwa karibu na watu? Na tusemapo kwamba mnyama "hufundishika" twasema kwamba hufahamu upesi atakiwalo, hulikumbuka, tena hukubali kulitenda.

Mambo haya si mamoja. Farasi aweza kuwa mwoga, na pamoja na hayo akawa mwepesi sana wa kujifunza. Lakini mnyama wa namna hiyo hujifunza ubaya upesi vile vile kama ajifunzavyo wema. Ukimtia uchungu mara moja penye mto, atakumbuka mto ule siku zote.

PUNDA MILIA NA FARASI

Wengi wetu tumemwona punda milia. Yeye ni ndugu wa farasi, ana kwato moja kama yeye, hula majani kama yeye, tena huyavumilia maradhi ya nchi hizi kuliko farasi. Kwa hiyo Wazungu wa zamani walidhani kwamba atafaa kuwa farasi wa Afrika. Mwishoni mwa karne ya 19 Walter Rothschild wa Uingereza aliwafunga punda milia garini akapita nao katika njia za London, na watu wakastaajabu. Karibu na mwaka 1900 Wajerumani nao walijaribu kuwafuga chini ya mlima Kilimanjaro. Punda milia mmoja mmoja alizoea kuvuta, lakini kazi yenyewe haikufaulu. Mnyama huyu hushtuka upesi mno, huuma bila kuachia, na kila mtoto azaliwaye huzaliwa mwitu kama baba yake alivyokuwa. Taabu ya kumfuga huanza upya kwa kila kizazi.

Kwa nini farasi si hivyo? Kwa sababu watu waliwachagua. Mwaka 2021 wataalamu wa nchi nyingi, wakiongozwa na Ludovic Orlando wa Ufaransa, walitangaza matokeo ya kazi kubwa ya kuchunguza mifupa ya farasi wa kale. Wakaona kwamba farasi wafugwao leo asili yao ni nyika zilizo karibu na mito ya Volga na Don, na kwamba walianza kuenea duniani yapata miaka 4,200 iliyopita. Wakaona tena kwamba jeni mbili zilichaguliwa sana katika farasi wale wa kwanza. Moja yahusu mgongo na uwezo wa kuchukua mzigo. Ya pili, kama ilivyoonekana katika panya waliochunguzwa, yahusu hofu na utulivu wa moyo. Ndiyo kusema, watu wale wa kale, ambao hawakujua neno jeni, walitaka mambo mawili tu: mgongo wenye nguvu na moyo usiohangaika. Waliyekuwa naye hivyo walimzalisha, na asiyekuwa hivyo hawakumzalisha.

Hapa mithali ya kwanza imepata haki yake. Utulivu waweza kurithiwa, na watu wakichagua kwa subira vizazi vingi, mnyama hubadilika.

MAJIKE WA WAARABU

Mabedui wa Bara Arabu waliijua habari hii kwa njia yao. Walipanda jike vitani kuliko dume, na hali ya hewa ilipokuwa mbaya walimwingiza jike huyo hemani pamoja na watoto wao. Farasi aumaye au apigaye mateke hangeweza kukaa katika hema yenye watoto. Basi walichagua kasi na uvumilivu, na pamoja nayo walichagua upole kwa watu. Nasaba waliihesabu kwa upande wa mama, nao waliihifadhi kwa kichwa, baba akimfundisha mwanawe. Majina ya koo zile, kama Kuhaylan, Saqlawi na Hamdani, yangali yakitajwa na wafugaji.

Heshima ya damu ile ilifika hata pwani yetu. Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Maskati na Unguja, alipoipeleka merikebu yake Sultana mpaka New York mwaka 1840, chini ya Ahmad bin Naaman, katika zawadi zake kwa Rais wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Na mwaka 1842 alimpelekea Malkia Victoria wa Uingereza farasi wengine. Mfalme hapeleki kwa mfalme mwenziwe ila kile akionacho kuwa bora.

DAMU MOTO NA DAMU BARIDI

Wafugaji wa Ulaya huwagawa farasi mafungu matatu. Farasi wa Kiarabu na farasi wa mbio wa Kiingereza huitwa wa damu moto. Farasi wakubwa wa kuvuta plau na magari huitwa wa damu baridi. Waliochanganywa kati ya hao huitwa wa damu vuguvugu. Msomaji asidhani kwamba mmoja ana homa na mwenziwe ana baridi. Joto la miili yao ni moja. Maneno haya yahusu moyo tu, yaani upesi wa kuamka na kushtuka.

Je, ni kweli au ni masimulizi? Mwaka 2008 wataalamu wa Uingereza walitangaza habari za farasi wa mbegu nane, baada ya kuwauliza watu waliowajua farasi wale kila siku. Waliona kwamba mbegu zilitofautiana sana katika hofu na wepesi wa kusisimka, lakini zilitofautiana kidogo tu katika mambo kama kutaka kuwatawala wenzao. Jambo hili ni la kushika. Damu ya mbegu haisemi sawasawa katika kila tabia. Husema kwa sauti kubwa juu ya hofu, na kwa sauti ndogo juu ya mambo mengine.

Na huko Japani, mwaka 2005, wataalamu waliwachunguza farasi wa mbio wenye umri wa miaka miwili, wakaona kwamba tofauti ndogo katika jeni moja ya ubongo ilikwenda pamoja na udadisi na kwa kiasi gani mnyama alikuwa macho juu ya hatari. Ni jeni moja katika nyingi, nayo haitoshi kutuambia farasi fulani atakuwaje. Lakini yaonyesha kwamba neno la wazee kuhusu damu si ndoto.

UKOO WA HASTINGS

Sasa twaja kwenye habari ambayo itatufundisha zaidi, maana ina mithali zote mbili ndani yake.

Huko Marekani alizaliwa mwaka 1893 farasi dume aliyeitwa Hastings. Alikuwa na mbio sana, akashinda mashindano makubwa ya Belmont mwaka 1896. Lakini alikuwa mkali kupita kiasi, akiuma watu na farasi wenziwe. Akamzaa Fair Play, mwaka 1905. Huyu naye alikuwa na mbio na ukali, hata alipopelekwa Uingereza alikataa kabisa kujitahidi. Fair Play akamzaa Man o' War, mwaka 1917, ambaye wengi humhesabu kuwa farasi bora wa mbio aliyepata kuonekana Marekani. Alikimbia mara 21 akashinda mara 20. Lakini alipotiwa tandiko kwa mara ya kwanza alipigana nalo kama simba. Man o' War akamzaa Hard Tack, mwaka 1926, naye alikuwa mbishi kama wazee wake.

Mpaka hapa, msomaji, mithali ya nyoka yaonekana kuwa imeshinda. Baba, mwana, mjukuu na kitukuu, wote wakali.

Hard Tack akamzaa farasi mmoja mfupi, mwenye magoti yasiyonyoka vizuri, mwaka 1933. Jina lake Seabiscuit. Huyu, kinyume cha baba yake, alionekana mvivu. Alipenda kulala na kula. Wenyewe walimkimbiza mara nyingi mno. Katika mwaka wake wa pili tu alikimbia mara 35, na mara 17 za kwanza alishindwa zote. Alipofika umri wa miaka mitatu alikuwa amechoka mwili na moyo, amekonda, na akimwona mtu hakumpenda. Basi ndipo ule moto wa babu zake ulipotokea, naye akawa mnyama wa kuhangaika usiku na mchana. Mwezi wa Agosti 1936 tajiri mmoja, Charles Howard, alimnunua kwa dola 8,000, akamtia katika mikono ya mfunzaji wake, Tom Smith.

Smith alikuwa mtu wa maneno machache, aliyewahi kukaa na farasi wa mwitu nyikani. Hakuanza kwa kumkimbiza wala kwa fimbo. Alianza kwa kumtazama. Akaona kwamba farasi huyu hana amani bandani mwake, akamtafutia mwenzi. Yasimuliwa kwamba kwanza alimpa mbuzi akae naye, lakini Seabiscuit akamshika mbuzi kwa meno, akamtikisa, akamtupa nje. Smith hakumpiga kwa kosa hilo. Alimleta farasi mzee mpole, jina lake Pumpkin, akamlaza karibu naye. Yule mzee alikuwa mtulivu, na utulivu wake ukamwambukiza mwenziwe. Akapewa chakula kizuri na nafasi ya kulala mpaka aamke mwenyewe. Muda si muda akanenepa, akaacha kuhangaika, akaanza kupenda mbio.

Tarehe 1 Novemba 1938 aliwekwa kushindana na farasi mmoja tu, huko Pimlico katika mji wa Baltimore. Mshindani wake alikuwa War Admiral, mwana wa Man o' War mwenyewe, aliyeshinda mashindano makuu yote matatu ya Marekani mwaka 1937. Basi War Admiral alikuwa kama baba mdogo wa Seabiscuit. Damu yao ilikuwa ya nyumba moja, ila mmoja alikuwa karibu zaidi na chemchemi. War Admiral alijulikana kwa kuanza mbio kwa haraka sana, na watu wengi waliweka fedha zao juu yake. Lakini Smith alikuwa amemzoeza Seabiscuit kwa kengele. Kila kengele ilipolia aliondoka mbio, mara nyingi, siku nyingi, mpaka mlio ule ukawa kama amri moyoni mwake. Kengele ya Pimlico ilipolia, yeye ndiye aliyetangulia, na mwisho akashinda kwa urefu wa farasi wanne.

Tufahamu jambo hili vema. Smith hakumpa farasi yule damu nyingine. Mbio zile na moyo ule wa kutokubali kushindwa alivipata kwa Man o' War na Hastings. Ukali wa ukoo nao ulikuwamo, maana ulitokea alipochoshwa. Lakini moto ni mmoja, nao waweza kupika chakula au kuchoma nyumba. Mfunzaji ndiye aliyeuweka mahali pa kupikia.

FARASI WACHUNGAO NG'OMBE

Wenye ng'ombe watapenda kusikia kwamba wako farasi wa Marekani ambao kazi yao ni kumtenga ng'ombe mmoja katika kundi. Mpandaji akiisha kumwonyesha ng'ombe amtakaye, huachia hatamu, na farasi hufanya kazi peke yake. Humkazia macho ng'ombe, ng'ombe akigeuka kulia naye hugeuka kulia, akisimama naye husimama. Wafugaji husema kwamba akili hii ya ng'ombe hurithiwa, na kwamba wana wa koo fulani huanza kumfuata ng'ombe kwa macho kabla hawajafundishwa sana.

Katika habari hizi liko somo kwa wachaguao dume kwa jina lake tu. Mwaka 1956 alizaliwa dume aitwaye Doc Bar, wa damu ya mbio. Wenyewe walitumaini mbio, lakini katika mashindano yake yote alipata dola 95 tu. Baadaye akazalishwa na majike wa ukoo mwingine, binti za Poco Tivio, waliojulikana kwa kazi ya ng'ombe. Watoto wake wakawa miongoni mwa farasi bora wa kazi hiyo waliopata kuonekana. Basi damu ya baba peke yake haikuwa na jibu. Jibu lilikuwa katika kukutana kwa damu mbili. Tena yafaa kujua kwamba sifa ya jina huweza kudhuru. Poco Bueno, baba yake Poco Tivio, alipendwa hata wazao wake wakazalishwa wao kwa wao, na ugonjwa wa ngozi uliofichika katika ukoo wake ukajitokeza kwa wale walioupokea kwa baba na kwa mama pia. Ngozi yao huchanika penye tandiko. Mwenye kumrudisha fahali wake kwa binti zake mwaka hata mwaka na alitafakari neno hili.

MAJINA MAWILI YA VIENNA

Katika mji wa Vienna, Austria, iko shule ya kale ya farasi weupe waitwao Lipizzaner. Mbegu hii ilianzishwa mwaka 1580 mahali paitwapo Lipica, na leo farasi wa shule ile huzalishwa Piber. Farasi hawa hufundishwa pole pole kwa miaka mingi mambo magumu, kama kutembea kwa mpango wa ngoma na kuruka juu kwa amri. Hapo dume hachaguliwi awe baba kwa uzuri wa umbo peke yake, bali hutazamwa kazini. Aliyeonyesha akili, nguvu na utii ndiye arudishwaye kuzalisha.

Tena kila dume hupewa majina mawili. La kwanza ni la ukoo wa baba yake, mojawapo ya koo sita za kale. La pili ni la mama yake. Watu wale wameandika katika jina lenyewe kwamba mtoto ni wa wawili.

SIKU TANO ZA KWANZA

Na mama hatoi damu tu. Mwaka 2005 wataalamu wa Ufaransa walitangaza jaribio rahisi. Walichukua majike waliozaa, wakawagawa mafungu mawili. Majike wa fungu moja walipigwa brashi kwa upole na kulishwa kwa mkono kwa muda mfupi kila siku, siku tano za kwanza baada ya kuzaa. Majike wa fungu la pili hawakufanyiwa hivyo. Watoto wenyewe hawakuguswa. Walisimama karibu na mama zao wakitazama tu.

Baadaye watoto wa fungu la kwanza waliwasogelea watu upesi zaidi, wakakubali kuguswa na kutiwa tandiko dogo kwa urahisi kuliko wenzao, na tofauti hiyo ilionekana hata miezi mingi baadaye. Walijifunza kwa macho yao kwamba mtu si adui, kwa kuwa mama zao hawakumwogopa.

Sasa fikiri. Mfugaji asiyejua habari hii angewatazama watoto wapole akasema, "Hii ndiyo damu ya mama." Na angewatazama watoto waoga akasema vivyo hivyo. Kumbe mama aliwapa somo, na somo lile lilitokana na mkono wa mtu.

KOSA LETU WENYEWE

Hapa hatuna budi kuungama. Miaka kadhaa iliyopita tulinunua punda dume kijana, ili atuchukulie maji na mahindi. Aliyetuuzia alikuwa mwaminifu, akatuambia kwamba mama yake alikuwa mpiga mateke. Tulilishika neno lile kupita kiasi. Punda alipoinua mguu mara ya kwanza tulisema, "Ndiyo damu ya mama yake," tukamchapa. Alipouinua mara ya pili tukamchapa zaidi. Haukupita mwaka, hakuna mtu aliyeweza kumkaribia, na sisi tulijisifu kwamba tulijua tangu mwanzo.

Mama mmoja mzee, jirani yetu, akatuomba tumpe mnyama yule badala ya kumwuza. Tulimcheka kimoyomoyo, tukampa. Yeye alifanya jambo tusilolifanya: alimtazama. Chini ya kamba ya mzigo, mahali pa kwapa, akakuta kidonda cha siku nyingi. Akakiosha, akamwachisha mzigo mpaka kikapona. Kila asubuhi akampa pumba mkononi, akampapasa kuanzia shingoni kwenda nyuma pole pole, na alipoinua mguu alingoja tu. Ilipofika masika wajukuu wake walikuwa wakimtwika madumu ya maji wenyewe.

Tulikwenda kumtazama kwa haya. Mama yule akatuambia, "Mwanangu, usipite nyuma yake ghafla, hilo hataliacha." Na kweli, mtu akimjia kwa nyuma bila kusema neno, punda hutupa teke mpaka leo. Hilo ndilo alilolipata kwa mama yake. Yaliyobaki yote yalikuwa yetu.

MAMBO YA KUSHIKA

Basi mithali mbili tulizoanza nazo hazipingani. Damu humpa mnyama mwelekeo: hofu nyingi au chache, moto mwingi au mdogo, jicho la kumfuata ng'ombe au mguu wa kukimbia. Mkono wa mtu ndio ugeuzao mwelekeo ule kuwa kazi au kuwa hatari. Kwa hiyo twawashauri wasomaji wetu mambo haya:

1. Ukichagua dume la kuzalisha, usiulize umbo na bei tu. Uliza pia hali yake: je, mtoto aweza kumfunga kamba?

2. Mtazame mama vile vile, kwa kuwa yeye hutoa nusu ya damu na somo lote la siku za kwanza.

3. Mama akiisha kuzaa, mwendee kwa upole mtoto akiwa anaona, lakini usimsonge kama hajakuzoea.

4. Mnyama akibadilika ghafla akawa mkali, tafuta kidonda, jino, kwato au njaa kabla ya kutafuta fimbo.

5. Mnyama aliye mwepesi wa kushtuka mfundishe kwa vipindi vifupi, na umwache akiwa ametenda vizuri. Yeye hukumbuka upesi, basi mpe jema la kukumbuka.

6. Usimwogope wala usimsifu mnyama kwa jina la babu yake kabla hujamwona mwenyewe akifanya kazi.

Na kwa waalimu twaongeza neno moja. Mtu si farasi. Ana akili na hiari, wala hapimwi kwa kitabu cha nasaba. Ikiwa hata mnyama mwenye damu iliyoandikwa vizazi vingi hujengwa au huharibiwa na mkono umshikao, si haki mtoto wa shule kuambiwa mbele ya wenziwe, "Baba yako naye alikuwa hivyo hivyo." Neno hilo ni fimbo kama ile tuliyompigia punda wetu, na huenda kidonda kipo mahali ambapo hatujatazama.

MASWALI YA KUULIZWA DARASANI

1. Kwa nini Mabedui walihitaji farasi mpole kwa watoto?

2. Taja tofauti kati ya punda milia aliyezoea gari na farasi aliyezaliwa katika ukoo uliofugwa vizazi vingi.

3. Seabiscuit alipata nini kwa babu zake, na alipata nini kwa Tom Smith?

4. Watoto wa farasi wa Ufaransa walijifunzaje kutowaogopa watu, hali hawakuguswa?

5. Waulize wazee wa kwenu habari za ng'ombe au punda mmoja aliyejulikana kwa ukali. Je, ulikuwa wa damu au wa mkono wa mtu? Eleza wajuaje.